Pointi za Wasichana Juu ya Barafu



Juma hili tunaacha kidogo habari za homa na za buleteni za watoto. Tunataka kujibu swali la mama mmoja wa kikundi cha mihogo. Aliona kwenye televizio, mahali wanapouza vinywaji, wasichana wa Ulaya na wa Asia wakiteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye kisu cha chuma chini. Kila mmoja alicheza kwa muziki wake, akazunguka, akaruka, akashuka, halafu akaketi kwenye benchi akilia au akicheka, na namba zikatokea. Mama akatuuliza: “Mwalimu, wote wanazunguka, wote wanapendeza. Nani anajua kwamba huyu amemshinda yule?”

Tulicheka, maana sisi barafu tunaijua ndani ya friza ya muuza samaki tu. Lakini swali ni la akili, tena limekuja kwa wakati wake. Mwezi wa tatu unakaribia, na vikundi vyetu vimeombwa tena kukaa kwenye meza ya juri siku ya tarehe 8, wakati wasichana wa masomo yetu watakapocheza na kuimba. Sisi wenyewe ndio tutatoa pointi. Basi ni vizuri tuwaangalie watu waliofanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, wakagombana, wakatia aibu, wakaandika sheria tena na tena. Barafu iko mbali (ile ya karibu tunayoijua ni ya Nairobi, kwenye hoteli ya Panari, iliyofunguliwa mwaka 2005), lakini mambo ya juri hayako mbali hata kidogo.

Kwanza tuseme mchezo wenyewe ulivyo. Msichana anaingia mara mbili. Mara ya kwanza ni programu fupi, dakika mbili na sekunde 40 hivi. Mara ya pili ni programu ndefu, dakika nne hivi. Ndani yake anaruka na kujizungusha hewani mara mbili, mara tatu, siku hizi hata mara nne, kisha anashuka kwa mguu mmoja akienda kinyumenyume. Anazunguka pia mahali pamoja mpaka uso wake hauonekani, na anapiga hatua kufuata ngoma. Akianguka anasimama na kuendelea, muziki haumngoji. Pointi za siku mbili zinajumlishwa.

Sasa tumtaje mwanamke mmoja Mwingereza, Madge Syers. Mwaka 1902 mashindano ya dunia yalifanyika London. Sheria haikukataza mwanamke kuingia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke atataka kuingia. Madge akajiandikisha, akateleza katikati ya wanaume, akatoka wa pili, nyuma ya Msweden Ulrich Salchow. Baada ya hapo wakubwa wa shirikisho wakafunga mlango. Kati ya sababu zilizotolewa, moja ilisema sketi ndefu inaficha miguu, kwa hiyo mwamuzi haoni vizuri. Nyingine ilisema mwamuzi anaweza kuwa na mapenzi kwa msichana mmoja kati ya wachezaji. Wamama, soma tena hiyo ya pili. Mwenye moyo usiotulia ni mwamuzi, anayefukuzwa ni msichana. Mwaka 1906 walianzisha mashindano ya wanawake peke yao, Madge akayashinda, na mwaka 1908 akashinda Olimpiki ya London pia.

Zamani hizo sehemu kubwa ya pointi haikutoka kwenye kuruka wala kwenye muziki. Mchezaji alichora juu ya barafu kwa kisu cha kiatu chake: duara, namba 8, na michoro mingine migumu, polepole, bila ngoma. Kisha waamuzi wanashuka barafuni wenyewe, wanainama, wanaangalia mstari kama umenyooka na kama mchoro wa pili umepita juu ya ule wa kwanza. Ni kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyosahihisha mwandiko. Mwaka 1972, Olimpiki ya Sapporo huko Japani, Beatrix Schuba wa Austria alichora vizuri kuliko wote akapata dhahabu, ingawa kwenye kucheza kwa muziki wengine walimpita mbali. Mmarekani Janet Lynn, ambaye watu walimpenda walipomwona akicheza, akatoka wa tatu. Watu wa nyumbani, mbele ya televizio, hawakuelewa: michoro haikuonyeshwa kwao, wao waliona kucheza tu. Sheria ikabadilishwa, uzito wa michoro ukapunguzwa, na baada ya mwaka 1990 ikaondolewa kabisa kwenye mashindano makubwa.

Sisi walimu tunaujua mtego huu. Kitu kilicho rahisi kupima tunakipa pointi nyingi, hata kama sicho tulichotaka kumfundisha mtoto. Mwandiko unapimika. Kuelewa hadithi hakupimiki haraka, na kengele inakaribia kulia.

Ikabaki njia ya 6. Kwa miaka mingi kila mwamuzi alitoa namba mbili, moja kwa ufundi na moja kwa uzuri wa mchezo, na namba kubwa kabisa ilikuwa 6,0. Waamuzi walikuwa tisa. Lakini kwa kweli namba hizo zilitumika kupanga mstari tu: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Waamuzi wengi wakikuweka wa kwanza, umeshinda. Ubaya wake ni huu: anayecheza mapema anapewa namba ya chini ili nafasi ibaki kwa watakaokuja, na jina kubwa linapewa namba kubwa hata kabla halijagusa barafu. Tena hakuna aliyelazimika kueleza. Namba 5,7 haisemi kosa lilikuwa wapi.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Surya Bonaly. Ni Mfaransa mweusi, alizaliwa Nice mwaka 1973, akalelewa na wazazi waliomchukua akiwa mtoto mchanga. Mama yake wa kulea alikuwa mwalimu wa michezo. Surya alikuwa na nguvu isiyo ya kawaida, kwa sababu alitoka kwenye jimnastiki. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano, kutoka 1991 mpaka 1995. Katika mashindano ya dunia alipata fedha mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, dhahabu hata moja hakupata. Mwaka 1994, huko Chiba, Japani, yeye na Mjapani Yuka Sato walifungana, na kura zilipohesabiwa, waamuzi watano walimweka Sato mbele, wanne Surya. Surya alikataa kupanda jukwaani, akasimama pembeni. Alipovalishwa medali ya fedha aliivua, akalia mbele ya watu wote.

Hatusemi kwamba Sato aliiba. Alicheza vizuri sana, miguu yake ilikuwa laini, na wapo wajuzi wengi wanaosema mpaka leo kwamba alistahili. Tunasema jambo lingine. Surya aliposikia miaka yote kwamba ana nguvu lakini hana “uzuri” unaotakiwa, hakuwa na karatasi ya kumwonyesha uzuri huo ni nini na unapimwaje. Mtu mweusi katikati ya wazungu akiambiwa hivyo bila maelezo, atafikiri nini? Na wewe ungefikiri nini kama ni binti yako? Mbele yake Mmarekani mweusi Debi Thomas alikuwa amepata medali ya shaba Calgary mwaka 1988, mtu mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya baridi, na baadaye akawa daktari wa upasuaji. Kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa kabisa. Lakini mlango ulioachwa wazi kidogo, bila kuambiwa kipimo cha kupita, unachosha kuliko ule uliofungwa.

Mwaka 1998, Nagano, akiwa ameumia mguu na akijua hapati tena medali, Surya aliruka kinyumenyume, kichwa chini miguu juu, akashuka kwa mguu mmoja. Ruko hilo lilikuwa limekatazwa tangu miaka ya 1970. Alijua, akafanya. Waamuzi wakakata pointi, akamaliza wa kumi, na uwanja mzima ukampigia makofi. Mwaka 2024 shirikisho liliondoa katazo hilo. Miaka 26 kwa msichana ni mingi.

Kilichobadilisha mambo yote kilikuwa kashfa. Mwaka 2002, Salt Lake City, kwenye mashindano ya mwanamke na mwanaume wanaoteleza pamoja, Warusi walipewa dhahabu mbele ya Wakanada. Mwamuzi mmoja mwanamke, Mfaransa, akasema amebanwa na mkubwa wa shirikisho la nchi yake ili apige kura kwa Warusi, na wao wangesaidia Wafaransa kwenye shindano lingine. Baadaye alibadilisha maneno yake, lakini yeye na mkubwa wake wakasimamishwa miaka mitatu, na Wakanada wakapewa dhahabu ya pili. Mwaka 2004 njia ya 6 ikaachwa, na mwaka 2006, Torino, Olimpiki ikatumia njia mpya.

Njia hiyo mpya ndiyo tunayotaka wamama waielewe vizuri, kwa sababu ndani yake kuna jambo moja la busara sana. Kazi ya juri imegawanywa. Kuna watu watatu ambao kazi yao ni kusema msichana amefanya nini tu: ameruka aina gani, amezunguka mara ngapi hewani, amekamilisha au amekata njiani. Wana video, wanarudisha picha polepole. Hawasemi kama ni vizuri au ni vibaya. Kila ruko lina bei yake kwenye jedwali ambalo kila mtu analisoma kabla ya mashindano. Kisha waamuzi tisa, ambao ni watu wengine, wanasema kila kitu kimefanywa vizuri kiasi gani, kutoka kutoa 5 mpaka kuongeza 5. Namba ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaondolewa, zinazobaki zinagawanywa. Mwishoni waamuzi hao wanatoa alama nyingine kwa mchezo wote: ulivyopangwa, ulivyoonyeshwa kwa watu, na ustadi wa miguu. Kuanguka kunakatwa pointi. Na baada ya yote karatasi inatoka, kila mtu duniani anaweza kuisoma, mstari kwa mstari.

Yaani yule anayesema “umefanya nini” siye yule anayesema “umefanya vizuri kiasi gani”. Nyumbani tungefanya hivyo, ugomvi mwingi ungepungua. Mara ngapi tunampiga mtoto kwa jinsi alivyojibu, kabla hatujajua alichofanya?

Lakini msifikiri karatasi ilimaliza kila kitu. Baada ya mwaka 2002 shirikisho liliamua kuficha majina: namba zinaonekana, lakini hujui ni ya mwamuzi yupi. Walisema ni kumlinda mwamuzi asibanwe na nchi yake. Mwaka 2014, Sochi, Mrusi Adelina Sotnikova alipata pointi 224,59 na Mkorea Yuna Kim, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia, pointi 219,11. Kati ya waamuzi alikuwepo mke wa mkubwa wa shirikisho la kuteleza la Urusi. Korea ikashtaki, shirikisho la dunia likakataa, matokeo yakabaki. Labda Sotnikova alistahili, maana aliruka maruko mengi magumu kuliko Kim. Lakini mama mkwe wa bwana arusi asikae kuhesabu mahari, hata kama anajua hesabu. Mwaka 2016 walirudisha majina. Maoni yetu ni kwamba walikawia.

Kuna jambo kubwa kuliko hayo, na ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Karatasi yenye bei inafundisha. Inamwambia kila mwalimu na kila mzazi: hiki kina pesa, hiki hakina. Tuchukue jedwali la mwaka 2022. Ruko liitwalo Lutz, la kuzunguka mara nne, lilikuwa pointi 11,5. Msichana akiruka, akakamilisha mzunguko, lakini akaanguka chini vibaya, waamuzi wote wanatoa 5, yaani nusu ya bei inakwenda, inabaki 5,75. Inakatwa 1 ya kuanguka, inabaki 4,75. Ruko jepesi la mizunguko mitatu liitwalo toe loop, ukilifanya bila kosa lolote, ni 4,2. Umeona? Kuanguka kwenye kile kikubwa kunalipa kuliko kusimama kwenye kile kidogo.

Na nani anaweza kuzunguka mara nne hewani? Ni rahisi zaidi kwa mwili mwembamba, wa mtoto, kabla nyonga hazijapanuka. Wamama wote hapa wanajua mwili wa msichana unafanya nini akifika miaka 14 au 15. Basi walimu wa nchi moja moja wakatafuta watoto, wakawafundisha maruko hayo mapema, wakawapima uzito, na mwili ulipobadilika wakachukua wengine. Sheria haikumwambia mtu awafanyie watoto hivyo. Sheria ilitoa pointi tu, watu wakazifuata.

Mwaka 2022, Beijing, dunia yote iliona. Kamila Valieva wa Urusi alikuwa na miaka 15. Katikati ya Olimpiki ikajulikana kwamba mkojo wake, uliopimwa mwezi wa 12 mwaka 2021, ulikuwa na dawa ya moyo iliyokatazwa. Wakubwa wakabishana kama acheze au asicheze, wakamwacha acheze. Siku ya mwisho alianguka, akasimama, akaanguka tena, akamaliza wa nne. Alipotoka barafuni analia, mwalimu wake mwanamke, mbele ya kamera, alimwuliza kwa nini ameacha kupambana. Alexandra Trusova, miaka 17, aliruka mizunguko minne mara tano katika programu moja, akapata fedha, na alilia kwa hasira kwamba hataki tena mchezo huu. Anna Shcherbakova, aliyeshinda dhahabu, alikaa peke yake na mdoli wake, hakuna mtu mzima aliyemkumbatia. Wasichana watatu wa mwalimu mmoja, na hakuna aliyefurahi.

Wa tatu alikuwa Mjapani Kaori Sakamoto, miaka 21. Hakuruka mizunguko minne hata mara moja. Alikwenda mbio, akashuka kwa mguu imara, na alipopata shaba alilia kwa furaha. Baadaye akawa bingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024. Mwaka huo wa 2022 shirikisho liliamua kupandisha umri wa kuingia kwa wakubwa kutoka miaka 15 mpaka 17, hatua kwa hatua. Mwaka 2024 mahakama ya michezo ilimfungia Valieva miaka minne, ikihesabu kuanzia mwezi wa 12 mwaka 2021. Yule mtoto alilipa. Watu wazima waliokuwa pembeni yake, tunawatafuta kwenye orodha ya waliolipa.

Sasa turudi Yanonge, kwenye meza yetu yenye kikwembe juu.

Tumeona sikukuu nyingi hapa na Kisangani. Wasichana wa miaka 11, 12, wanaingia na wimbo mzuri juu ya masomo au juu ya amani. Wanaimba, watu wanaongea na jirani zao. Halafu mmoja anaanza kukata kiuno kama mama wa baa, kelele zinapanda, watu wanakuja na noti za franka, wanambandika kwenye paji la uso. Juri nao, wakisikia kelele, wanaandika 9. Mwaka unaofuata, vikundi vyote vinaleta kiuno. Wimbo umepotea. Kisha tunakaa kwenye mkutano tukiuliza watoto wa siku hizi wameharibikiwa wapi! Hawakuharibikiwa. Walisoma pointi zetu vizuri kuliko tulivyozisoma sisi.

Hatupingi ngoma. Mtu wa mto huu atapinga ngoma namna gani, sisi ambao wazee wetu walituma habari kutoka kijiji mpaka kijiji kwa lokole? Kiuno pia ni sehemu ya ngoma, kwa mahali pake na kwa umri wake. Tunachosema ni kwamba tukae kwanza, tuandike bei kabla ya siku, tuwape masomo yote karatasi hiyo mapema. Tumetengeneza moja ya kujaribu. Mama mmoja atakuwa wa kuandika tu: wameanza pamoja au hapana, maneno ya wimbo yamesikika mpaka nyuma au hapana, wote wamecheza au wawili tu, wamemaliza kwa wakati. Huyo hatoi pointi. Wamama watano wengine watatoa pointi kwa mambo matatu: sauti na maneno, kwenda pamoja, na ubunifu, yaani kitu ambacho kikundi kimekileta chenyewe. Urembo wa nguo hauna pointi. Tumesikia manung’uniko juu ya hilo, lakini kuna wazazi wanaokopa kwenye likelemba ili binti apate nguo ya siku moja, na wengine wanamficha binti nyumbani kwa sababu hawana. Mwili wa mtoto, unene, wembamba, weupe, weusi, hauna pointi na hauna maneno.

Mama mmoja alisema: hapa sisi wote ni ndugu, utampata wapi mwamuzi asiye shangazi ya mtu? Kweli. Ndiyo maana tunaazima ile sheria ya kuondoa ya juu na ya chini. Tuseme kikundi cha kwanza kimepata 10, 7, 6, 6 na 5. Jumla 34. Kikundi cha pili kimepata 7, 7, 7, 6 na 6. Jumla 33. Hapo shangazi na 10 yake amewapa ushindi wa kwanza. Ondoa ya juu na ya chini kila upande: wa kwanza wanabaki na 7, 6, 6, yaani 19, wa pili wanabaki na 7, 7, 6, yaani 20. Shangazi amenyamaza bila mtu kumgombeza. Lakini kama mashangazi ni watatu na wamepatana jana sokoni, hesabu hii haisaidii kitu. Kwa hiyo majina ya waamuzi yataandikwa chini ya karatasi, kila mtu na namba yake, na karatasi zote zitabandikwa ukutani baada ya sikukuu. Anayeogopa jina lake kusomwa asikae mezani.

Na kila kikundi kitapewa nakala yake, chenye kushinda na chenye kushindwa, pamoja na sentensi moja ya nini kilikuwa kizuri na moja ya nini kifanyiwe kazi. Sentensi, si “mmejaribu”. Kwenye masomo tunaona kila siku: mtoto aliyepata 4 na akajua kwa nini, kesho anarudi. Aliyepata 4 na kimya, anaanza kusema tumbo linamuuma.

Limebaki jambo moja ambalo hatujapatana. Wadogo wa chini ya miaka kumi, wapewe pointi au wacheze tu na kupewa biskuti wote? Sisi tunasema wacheze tu. Wengine wanasema mtoto asiyeshindana atalala. Kila kikundi kilete jibu lake kwenye mkutano wa juma lijalo, pamoja na jina la mama mmoja wa kukaa mezani, ambaye siku hiyo hana binti wala mjukuu kati ya wachezaji. Tunahitaji pia mama mwenye mwandiko unaosomeka, na saa inayotembea.